Kiti cha rotini cha okazi: rangi ni kazi ya mwisho

Ukipita asubuhi katika barabara za Goma, huwezi kukosa kuona chukudu imepakiwa viti vinne na kameza kao kadogo, vyote vyeupe, vinang'aa, rangi bado inanuka. Bukavu, Uvira na Butembo vinapita kichwani mwa mtu au nyuma ya moto. Ni viti vya rotini, ile kekele yetu ya pori, na vingi si vipya. Vimetoka kwa familia iliyohama, kwa ofisi iliyofunga mlango, kwa oteli iliyobadilisha vyombo vyake, ao kwa mtu aliyebanwa na shida akauza salon yake kwa haraka. Muuzaji anavichukua leo, anavipaka rangi kesho, keshokutwa viko barabarani.

Mama amechanga likelemba miezi mingi. Zamu yake imefika, anaona ile salon, anaambiwa: "Mama, ona, iko nguvu, njo ile rotini ya zamani." Analipa. Wiki chache zinapita, akifagia asubuhi anakuta unga mdogo wa rangi ya maziwa chini ya mguu wa kiti. Anafagia, kesho unga uko tena. Halafu siku moja mgeni anakaa, kiti kinalia "kraa", na mgeni yuko chini. Pesa ya likelemba imekwisha namna hiyo, na muuzaji hakumbuki tena sura ya mama.

Swali ambalo watu wanauliza sana ni rangi gani iko nzuri kwa kiti cha rotini. Swali si baya, lakini linakuja mapema sana. Rangi inalinda kiti kizima. Kiti kigonjwa haikiponyeshi, na mara nyingi njo inaficha ugonjwa wake. Kwa hiyo tuanze pale muuzaji hapendi tuanze.

Kekele ni kitu gani?

Watu wengi wanafikiri kekele na mianzi ni ndugu. Hapana. Mianzi ni jamii ya majani, na ndani yake mna uwazi. Kekele ni jamii moja na mti wa mawese, ila yenyewe haisimami peke yake: inapanda juu ya miti mingine kwa miiba yake, na inaweza kwenda mbali sana huko juu. Ukiikata, ndani imejaa. Ndiyo sababu inapindika bila kuvunjika ikilowa maji ao ikipashwa moto, na inarudisha nguvu ikikauka. Ile nene inafanya mifupa ya kiti, yaani miguu, mgongo na mikono. Ile nyembamba inasukwa, ao inapasuliwa kuwa kamba za kufungia maungio.

Inatoka katika misitu ya Tshopo, ya Maniema, ya Walikale, ya Shabunda, ya Mambasa. Watu wanaikata porini tu, si kitu cha kulimwa shambani. Ukikumbuka hali ya barabara zetu kutoka huko mpaka mjini, utaelewa kwa nini kiti kipya kiko bei, na kwa nini kutengeneza kile cha zamani kuna maana.

Kuna mambo mawili ya kushika kuhusu mwili wa kekele. La kwanza, ngozi yake ya nje ni ngumu na inateleza, inazuia maji. La pili, nyama yake ya ndani ina wanga, kama muhogo, na wanga ni chakula cha vidudu. Karibu kila kosa tunalofanya kwa viti hivi linatokana na kuharibu ile ngozi ao kusahau ule wanga.

Tena hakikisha kwanza kama ni kekele kweli. Siku hizi kuna viti vya kusuka vilivyofanywa kwa plastiki, na chini ya rangi nyeupe vinafanana kabisa. Tafuta ncha ya kamba iliyotoka chini ya kiti, ukate kipande kidogo kama nusu ya ukucha, ukipitishe kwa kibiriti mbali na kiti. Kikinuka majani yaliyoungua na kuacha majivu, ni kitu cha pori. Kikiyeyuka na kudondoka, ni plastiki. Ya plastiki haiogopi vidudu wala mvua, lakini jua linaipasua, na rangi ya kawaida haishiki juu yake. Ioshe tu, uiache na rangi yake.

Mbele ya kutoa franga

Usikae kwanza. Pindua kiti, miguu juu. Muuzaji akikasirika, hiyo tayari ni habari.

Tandaza kitambaa cheupe ao karatasi chini, halafu pigapiga miguu na mikono ya kiti kwa kiganja. Ukiona unga laini unaanguka, vidudu viko hai ndani. Tafuta matundu madogo, upana wa milimita moja ao mbili, kama yametobolewa na pini. Tundu la zamani lina giza na vumbi mdomoni. Tundu la juzi lina mdomo safi. Na hapa rangi mpya, ambayo ililetwa kuficha, inasema ukweli yenyewe: ukiona rangi imeingia ndani ya tundu, hilo lilikuwapo siku ya kupaka. Lakini ukiona tundu limetoboa rangi kutoka ndani, mdomo wake mkali, ujue mdudu ametoka nyuma ya brosi kupita. Ndugu zake bado wako ndani wanakula. Unanunua kiti na wenye kiti.

Baada ya hapo shika mgongo wa kiti, ukisukume kulia na kushoto. Kekele nzuri inalalamika kidogo, lakini maungio hayatembei. Bonyeza kwa kidole gumba pale kamba zimefungwa kwenye magoti ya kiti; zikizunguka, chini yake kuna msumari peke yake unaoshika, na msumari mmoja hauwezi kubeba papa wa kilo tisini. Doa jeusi kuzunguka msumari ni kutu, na pale kutu iko, maji yaliingia. Mwisho angalia nyayo za miguu. Zikiwa laini kama mkate uliolowa, kiti kilisimama kwenye maji, na kuoza kunapanda kutoka huko.

Shauri langu, na wauzaji watanisamehe: omba kiti kabla hakijapakwa. Sema tu, "Papa, uniuzishie ile haujapaka, rangi nitapaka mwenyewe." Bei inashuka, na macho yako yanaona kile unachonunua. Ni afadhali kiti cha kijivu, cha uchafu, chenye kamba tatu zilizokatika, kuliko kile cheupe usichojua ndani yake mna nini.

Kutibu na kuosha

Kama vidudu ni vichache na mifupa bado migumu, kiti kinaweza kupona. Mafundi wengi wanatumia petroli, ile ya taa, kwa sindano ya famasi: wanasukuma tone kwa tone ndani ya kila tundu, wanarudilia siku kadhaa, halafu wanaziba kwa nta ya mshumaa. Inasaidia, lakini ina masharti. Kazi inafanywa nje, mbali na mbabula. Kiti kinabaki nje, kwenye hewa, wiki moja ao zaidi, mpaka harufu iishe kabisa. Watoto hawakikalii muda huo. Na usipake rangi wakati petroli bado imo, juu rangi haitashika. Sindano hiyo uitupe mahali mtoto hafiki. Wengine wanafunga kiti ndani ya plastiki nyeusi na kukiacha juani siku nyingi. Kwa joto la Uvira ao la Kindu inafaa kidogo, lakini kwa baridi ya Goma na Butembo usiweke tumaini lako lote hapo. Kama mguu mzima unalia uwazi ukiupiga, hakuna sindano itakayousaidia. Fundi aondoe mguu huo, aweke mwingine, na ule wa zamani uchomwe moto, usitupwe nyuma ya nyumba.

Kuosha kuna mpangilio wake. Goma, vumbi letu lina majivu ya volkano na unga wa mawe ya lava, na linakwaruza kama papye vere. Ukianza na kitambaa chenye maji, unasaga ngozi ya kekele kwa mikono yako. Anza pakavu, kwa brosi laini ao penso ya zamani, ndani ya kila tundu la msuko. Halafu maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Usizamishe kiti kwenye beseni wala kukimwagia ndoo, maji yataingia kwenye maungio na kole itaachia. Kikaushe kivulini penye upepo, si kwa jua kali la saa saba. Mahali pa weusi wa ukungu, tumia siki, ao javeli kidogo sana ndani ya maji mengi. Usivichanganye hivyo viwili, hewa inayotoka inachoma kifua.

Mikono ya kiti inahitaji saa zaidi. Pale ndipo vidole vyetu vinaacha glisirini, vazlini, mafuta ya samaki na ya sambusa, miaka yote. Pale pia ndipo rangi inaanza kubanduka kila mara, na watu wanalaumu rangi. Osha mikono hiyo mara mbili, tatu, mpaka kidole hakitelezi tena.

Na mawese! Kuna desturi ya kupaka kekele mafuta ya mawese ili ing'ae kwa sikukuu. Inang'aa, ni kweli, siku mbili. Mawese hayakauki hata ungoje mwaka. Yanabaki yananata, yanakusanya vumbi, yanaita mende, na baadaye hakuna rangi wala verni itakayoshika juu yake. Kiti kilichopakwa mawese kinahitaji sabuni nyingi na uvumilivu kabla ya kufikiria kopo la rangi.

Kikalio kilicholegea mara nyingi hakihitaji msuko mpya. Kama msuko haujapakwa rangi, pindua kiti, ulaze chini ya kikalio kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, kikae nusu saa, halafu usukume msuko kuelekea juu kwa kiganja. Acha kikauke siku mbili bila mtu kukaa. Kekele inapokauka inajivuta, na kikalio kinakaza kama ngoma. Kama rangi imeziba msuko, maji hayapiti na dawa hii haifanyi kazi. Ndiyo sababu nyingine mimi nasema kikalio kibaki bila rangi kama inawezekana, upake mifupa peke yake. Kamba iliyokatika inabadilishwa kwa kamba mpya iliyolowekwa kwenye maji ya vuguvugu nusu saa mpaka saa moja, ikasukwa ikiwa mbichi na kuachwa ikaze yenyewe. Ukisuka na kamba kavu, itavunjika mkononi.

Rangi ya zamani inaweza kuwa sumu

Hapa naomba wazazi wasome polepole. Viti vya okazi mara nyingi vina rangi tabaka tatu, nne, za miaka tofauti. Rangi za mafuta za zamani, hasa nyekundu, njano, machungwa na kijani, zinaweza kuwa na risasi, ile ambayo kwa Kifaransa wanaita plombe. Hata kwa rangi mpya, vipimo vilivyofanywa katika nchi kadhaa za Afrika vimekuta risasi katika makopo ya rangi za mafuta yanayouzwa dukani. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha risasi ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo inagusa ubongo: kujifunza kunapungua, na hakurudi. Kwa mama mwenye mimba inafika kwa mtoto tumboni.

Sasa fikiria fundi anasugua kiti kwa papye vere kavu ndani ya parcelle, na watoto wanacheza pembeni. Vumbi linaanguka chini, mtoto anatambaa, analamba vidole. Hatuoni kitu, na hatutajua kamwe kilichompata mtoto shuleni miaka mitano baadaye.

Kwa hiyo rangi ya zamani inayoshika vizuri iache, paka juu yake. Ile inayobanduka itoe kwa kulowesha: papye vere ya maji, kitambaa kilicholowa, karatasi ao plastiki imetandikwa chini kukusanya maganda. Vaa kashene. Usichome rangi hiyo kwa moto, wala usitupe kiti cha namna hiyo ndani ya mbabula kama kuni. Maganda yafungwe kwenye mfuko na kwenda na takataka, mbali na shamba la mboga na kisima. Watoto na mama wenye mimba wakae kwa jirani siku hiyo. Baada ya kazi, oga na ufue nguo zako peke yake.

Na usisugue sana. Unataka kuondoa mng'ao tu ili rangi ipate mahali pa kushika. Ukifika kwenye nyama nyeupe ya kekele, umeshavunja ile ngozi tuliyosema, na umefungulia maji na vidudu mlango.

Sasa rangi

Rangi ya maji ya ukuta ni rahisi, na watu wengi wanaitumia. Kwa kiti haifai. Kiti kinacheza kila mtu anapokaa, ukuta hauchezi. Rangi hiyo inapasuka, na jasho likiigusa inahamia kwenye suruali ya mgeni. Tumia rangi ya mafuta ya mbao, na uulize dukani ile isiyo na risasi. Wakati mwingine imeandikwa kwenye kopo. Kama kiti kina sura nzuri ya asili, verni peke yake ni bora kuliko rangi.

Siri iko kwa wepesi. Rangi nzito inajaza matundu ya msuko, inatengeneza machozi yanayoning'inia, halafu inapasuka kwa mapande. Ilainishe na diluanti, ile ya dukani inayotakiwa na rangi hiyo, upake tabaka nyembamba, uache siku nzima ikauke, upitishe papye vere laini yenye maji, ufute, halafu tabaka ya pili. Mbili nyembamba zinashinda moja nene kila siku. Ukitumia penso, chovya ncha tu, anza chini ya kiti, halafu kipindue umalizie juu. Pistole na kompresera vinaingia kwenye msuko kuliko penso. Fundi wa kupaka magari karibu nawe anaweza kukufanyia viti vinne kwa mara moja, ukimletea vimeoshwa na kutengenezwa. Usimwachie yeye kuosha, atapaka juu ya vumbi.

Kuna watu wanalainisha rangi na esanse kwa sababu iko rahisi. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unatembea chini, sakafuni, haraka na bila kuonekana, mpaka unakutana na mbabula ya mama jikoni. Hapo moto unarudi kwa njia ile ile uliyopitia mvuke. Katika karteri zetu za nyumba za mbao zilizobanana, moto wa namna hiyo hauchomi nyumba moja. Diluanti nayo inashika moto, kwa hiyo yote haya yafanywe nje, mchana, bila sigara.

Chagua wakati. Kivu, kiangazi cha Juni mpaka Agosti njo wakati wa kazi hii, ila funika viti, vumbi la kiangazi litalala juu ya rangi mbichi. Kisangani, ambako mvua haikatiki sana, tafuta siku mbili za jua na usipake alasiri. Na hata rangi ikikauka kwa kidole, ngoja wiki moja kabla ya kuweka mito juu yake, la sivyo kitambaa kitaganda.

Kukitunza

Kiti cha kekele hakipendi vitu viwili: kulowa na kukauka kupita kiasi. Kwenye barza, kisogeze ndani mvua inapopiga kwa upepo. Usikiweke mgongo kwa jua la kila siku wala karibu na mbabula. Kamba zinakuwa kama majani makavu. Sementi inayooshwa kila asubuhi inalowesha nyayo za miguu, na nyayo zinakunywa maji kama utambi. Kata vipande vya mpira wa tairi la zamani, vibandike kwa kole chini ya kila mguu. Ni kazi ya dakika kumi, na kwa nyumba zenye sakafu ya mawe ya lava inazuia pia miguu kulika. Beba kiti kwa mikono miwili kwenye mifupa ya chini, usikiburute, usikinyanyue kwa kushika mgongo.

Vumbi kila juma, brosi kavu. Sabuni mara mbili, tatu kwa mwaka. Rangi mpya kila Noeli hapana, ingawa najua ni desturi ya wengi: kila tabaka inaongeza uzito na kuziba msuko, na mwaka wa tano huoni tena kama kiti kilisukwa. Rudisha rangi pale tu ilipotoka, kidogo kidogo. Cha barza kitaomba mbele ya kile cha ndani. Na ukiona tena ule unga wa maziwa chini ya mguu, hata asubuhi moja tu, toa kiti hicho nje siku ileile, kwa sababu kile cha pembeni yake nacho kimesukwa kwa kekele ileile.